Mgeni Hupewa Maji Kwanza

Foleni kwenye kibanda cha kuchapa cha Dzifa, nje ya lango la chuo jijini Accra, ilikuwa imefika hadi kwa muuza ndizi za kukaanga. Ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka insha. Selorm alisimama mwisho kabisa, shati jeupe limenyooka, kifungo kimoja hakipo. Zamu yake ilipofika alimkabidhi Dzifa kurasa kumi za mwandiko wake. Dzifa, penseli imechomekwa nyweleni, alichapa mbili akasita.

"Kaka, maneno haya uliyoyatoa kitabuni, mbona umeyatupa tu?"

"Hizo ni nukuu, dada. Wewe chapa."

"Najua ni nukuu. Kwenu kule mjini Ho mgeni akija mnamwacha amesimama mlangoni?"

Selorm alicheka, na haraka yake yote ikamwishia. Dzifa alimweleza kwamba mgeni hupokewa, akapewa kiti, akapewa maji, ndipo akaulizwa kilichomleta. Nukuu nayo itangulizwe na sentensi yako, msemaji atajwe, kisha useme amekuja kufanya nini. Aliyajua hayo kwa kuchapa insha za watu miaka sita. Pale pale akaipanga upya sentensi moja, maneno ya mwandishi yakaingia katikati bila kujikwaa. Insha ile ilishinda zote darasani.

Selorm alirudi kushukuru, kisha akarudi bila sababu yoyote. Dzifa akamshonea kifungo. Kila mchana Selorm alipiga simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe ndiye hujala, sauti yako ina njaa."

"Njaa ya kukuona."

"Basi njoo na wali wako, mimi nitakuja na macho."

Lakini Dzifa alikuwa na lake moyoni. Alitaka kuingia chuo kile kile kwa njia ya watu wazima walio kazini, ambao hupimwa kwa insha moja tu. Aliandika miezi mitatu juu ya nyimbo za kilio za bibi yake, akampa Selorm aisome. Selorm alimwambia ni asali, asiguse hata nukta. Muda si mrefu Selorm naye akapata tuzo ya insha ya idara, insha ikachapishwa katika jarida lao, na Dzifa, kabla hata ya kuisoma, akamshangilia kuliko mamaye mzazi.

Mwezi wa nane ikafika barua ya chuo, alikopeleka insha yake. Ombi lake limekataliwa, kwa kuwa aya tatu za insha hiyo zimeibwa kutoka jarida la idara, kwa Selorm Agbeko. Dzifa alilitafuta jarida akalisoma kwa kusimama. Aya zake zilikuwamo, zimeunganishwa kwa ulaini hata mshono hauonekani. Hapakuwa na alama za kunukuu wala jina lake, wala la bibi yake. Kwa dakika moja aliustaajabia ufundi ule, maana alimfundisha mwenyewe. Kisha akapiga simu.

"Selorm, maneno yangu yamefikaje kwako?"

"Nilisahau kukutaja, mpenzi. Yaliingia vizuri mno, nikaona yangu."

"Nenda ukawaambie. Neno lako moja linatosha."

"Wataninyang'anya tuzo, na nafasi ya kufundisha niliyoahidiwa itakwenda. Tukioana, changu si chako?"

Kuna wanaume hudhani ndoa ni sabuni ya kuoshea wizi. Selorm hakwenda ofisini. Alikwenda kijijini kwa mjomba wa Dzifa, na wazee wawili na chupa ya kinywaji ya kubishia hodi, kama desturi ya posa itakavyo. Walipewa viti, wakapewa maji, wakaulizwa kilichowaleta. Msemaji wao akasema wameona ua ndani ya nyumba hii na wanaomba kulichuma. Dzifa, aliyekuwa ameitwa kutoka mjini, akaletwa mbele, maana chupa haipokelewi mpaka binti aulizwe mara tatu.

"Dzifa, tuipokee?" aliuliza mjomba.

Dzifa alimtazama Selorm. Kile kifungo kilikuwa bado kimeshika. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akaulizwa mara ya pili, akainamisha kichwa. Mara ya tatu akasema:

"Mjomba, nitajibu kwa maneno ya mtu, na mwenyewe nitamtaja. Selorm Agbeko, aliyeketi pale, nilipomuuliza kwa simu maneno yangu yamefikaje kwake, alisema, 'Yaliingia vizuri mno, nikaona yangu.' Nayaleta hapa mjue kitakachonipata nikiingia kwake. Mrudishieni chupa yake."

Mjomba aliisukuma chupa taratibu mpaka kwenye miguu ya wageni. Selorm aliiokota, akatoka nyuma ya wazee wake.

Jumatatu Dzifa alifungua kibanda mapema. Msichana mmoja alimletea insha, na ukurasa wa kwanza tu ulikuwa na maneno mazuri yasiyo na mwenyewe. Dzifa akaondoa vidole kwenye vibonyezo.

"Haya ni ya nani?" aliuliza, na hakuchapa mpaka alipojibiwa.