Barua ya Mguu wa Mjomba Melkiori

Kila asubuhi ya likizo, Mjomba Melkiori alitutangulia shambani. Mguu wake wa kushoto uliishia chini kidogo ya goti. Sehemu iliyokatwa aliiacha vitani Burma. Alifunga ngozi ya mbuzi gotini, akapiga magoti na kupalilia mtama. Mimi Yunisi, mwanafunzi wa shule ya bweni na mtu wa heshima kubwa, nilimfuata nikipiga miayo.

Mwaka ule, 1947, tulisikia barazani hapa Mgori kwamba askari waliokatwa viungo vitani waandike kuiomba serikali miguu ya bandia. Mjomba hakujua kuandika, hivyo kazi hiyo tukufu ikaniangukia. Niliandika: "Hawezi kulima. Hawezi kukaa. Hulishwa uji kwa kijiko." Nilipomsomea niliyaruka hayo. Akatia dole gumba.

Wiki tatu baadaye, baiskeli ilisimama kando ya shamba. Alikuwa Bwana Laurian, mganga msaidizi wa serikali, barua yangu mkononi.

"Mjomba, lala chini ugumie," nikanong'ona.

"Nigumie nini? Siumwi."

"Shikamoo," nikamwamkia mgeni.

"Marahaba. Namtafuta Melkiori, mgonjwa asiyeweza kukaa."

"Ndiye mimi," alisema mjomba, jembe mkononi.

Laurian akaisoma barua yote kwa sauti. Mjomba alinitazama tu, na hilo lilinitisha kuliko fimbo.

"Dole hili ni lako?" Laurian alimuuliza mjomba. "Nikiripoti uongo huu, jina lako linafutwa, na mguu hupati."

"Ni langu," alijibu mjomba. Hakunitaja.

Ujanja ukaniishia. "Niliyaandika mimi, bwana. Yeye hakuyasikia. Nilidhani anapewa anayetia huruma zaidi."

Laurian akanipa karatasi mpya. "Andika unachokiona."

Nikaandika: analima kwa magoti, kila masika kigutu kinatoka vidonda, hawezi kufika mnadani bila kubebwa. Laurian akapima kigutu kwa utepe.

Likizo iliyofuata Laurian mwenyewe aliuleta mguu wa bandia. Mjomba alianguka mara nne na kutukataza kucheka.

"Yunisi," alisema Laurian, "mguu huu umelipiwa na kodi za watu, baba yako akiwemo. Serikali haitafuti anayelia sana. Inauliza mtu amepungukiwa nini. Ukijibu uongo, unamnyima mwenye haja. Safari hii ulikaribia kumnyima mjomba wako."

"Sikuhitaji kufanywa maiti ili nipewe mguu," mjomba aliongeza. "Haya, nishike mkono. Twende mpaka zizini."