Siku Tangi Lilipokwenda kwa Kinyozi

Kila Jumamosi, kabla jua halijapata nguvu, Chapuchapu na mama yake walipakia pikapu. Mama alikuwa fundi bomba, na kwa kuwa mabomba hayachagui siku ya kupasuka, Jumamosi yake ilikuwa na kazi nyingi kuliko Jumatatu ya watu wengine. Yeye alibeba vitu vizito. Chapuchapu, msichana wa miaka kumi na miwili, alivipanga nyuma ya gari na kuvifunga kwa kamba.

Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mahudhurio tu. Nyumbani, mtaani na hata darasani aliitwa Chapuchapu, na mwenyewe alilipenda jina hilo kama nishani. Alipiga mswaki meno ya mbele tu kwa sababu ndiyo yanayoonekana. Hesabu alizimaliza wenzake wakiwa bado wanachonga penseli, ingawa mwalimu alilalamika kwamba majibu yake yalikuwa yanafika kabla ya maswali.

Jumamosi hiyo walikuwa wanakwenda kwenye zahanati iliyo upande wa pili wa mlima. Tangi la pale lilikuwa limepasuka tangu Alhamisi, na wagonjwa walikuwa wanaletewa maji kwa ndoo. Nesi alikuwa ameshapiga simu mara tatu, na mara ya nne simu ililia Mama akiwa ndiyo kwanza ameteremsha tangi jipya la plastiki kutoka barazani.

"Naam, dada, tunatoka sasa hivi," Mama alisema, akasogea pembeni ili asikie vizuri. Kisha akamgeukia bintiye. "Malizia, mwanangu. Vizito mbele, vidogo kwenye ndoo yenye mfuniko, kamba juu ya vyote."

Chapuchapu aliangalia mzigo. Kuvipeleka vizito mbele kulihitaji apande garini, na kupanda kulihitaji muda. Akalisukuma tangi likakaa ukingoni kabisa. Juu yake akatupa mfuko wa viungo vya mabomba, wenye boya ndani, lile tufe la plastiki linaloelea ndani ya tangi na kufunga maji yanapojaa. Kiti cha choo, kile cha kukalia, akakiegemeza pembeni. Ngazi, ambayo ilikuwa ndefu kuliko gari na kulazimisha mlango wa nyuma uachwe umelazwa, akailaza juu ya vyote. Halafu akaichukua kamba, akaipitisha juu mara moja, na ncha yake akaichomeka chini ya turubai. Kwa macho ya mtu mwenye haraka, ilikuwa imefungwa.

"Umefunga?" Mama aliuliza akirudisha simu mfukoni.

"Nimefunga, Mama."

"Umevuta ukaona?"

"Nimevuta."

Alikuwa hajavuta chochote isipokuwa mlango wa mbele, akaingia na kukaa.

Pikapu ile ilikuwa kuukuu, na kelele zake zilitosha kuficha mambo mengi. Walipopita kwenye tuta la kwanza, kitu fulani kilisema "pwa" huko nyuma. Mama akatega sikio.

"Nini hicho?"

"Shimo, Mama."

"Mbona limesema kama kitu cha plastiki?"

Chapuchapu alikuwa anaangalia kioo cha pembeni. Kiti cha choo kilikuwa kimekaa katikati ya barabara, kimefunguka, kama kinachomngoja mtu. Muuza mayai mmoja, mzee mwenye baiskeli iliyopakiwa trei za mayai, alishuka, akakiokota, akatazama huku na huku apate pa kukiweka. Mikono yote ilikuwa na kazi, basi akakivaa shingoni. Kisha akaanza kuifuata pikapu, akipiga kengele.

Tuta la pili lilichukua mfuko wa viungo. Sasa watu waliokuwa kando ya barabara walianza kupunga mikono. Mwenye duka alipunga, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akapunga kwa kanga nzima.

"Watu wa mtaa huu wana adabu," alisema Mama, naye akawapungia. "Hebu na wewe wapungie, usiwe na kiburi."

Chapuchapu akapunga. Alijua kabisa kwamba ile haikuwa salamu, lakini kila alipofungua mdomo, neno "nimefunga" lilikuwa limekaa mlangoni na kuyazuia maneno mengine yasitoke.

Ndipo wakaanza kupanda mlima.

Tangi halikusubiri. Liliteleza, likaanguka kwa ubavu, likarukaruka mara mbili na kushika njia ya kurudi walikotoka. Muuza mayai aliliona linamjia, akapinda kulia. Tangi nalo likapinda upande wa pili, wakapishana kama wasafiri wanaoheshimiana, na likaendelea na safari yake hadi chini kabisa, kwenye kibanda cha kinyozi.

Hata hapo Chapuchapu angeweza kunyamaza. Lakini aliona kwenye kioo kwamba ngazi nayo imeanza kutoka, shubiri kwa shubiri, na nyuma yake yule mzee alikuwa anapanda mlima akiwa ameinamisha kichwa, anakanyaga pedali kwa nguvu zake zote, wala haoni mbele. Hakukuwa na muda wa kuutafuta uongo mwingine.

"Mama, simama polepole. Ngazi inamwangukia mtu. Kamba sikuifunga."

Mama alipunguza mwendo, akasimama, akavuta breki ya mkono, na wote wawili wakakimbilia nyuma. Mama aliidaka ngazi kwa mabega. Chapuchapu aliukamata mguu mmoja wa ngazi, naye akaburuzwa hatua mbili kabla haijatulia. Ncha ya ngazi ilikuwa imesimama mkono mmoja tu kutoka kwenye paji la uso la muuza mayai.

Mzee aliitazama ngazi. Akashusha pumzi, akatelemka kwenye baiskeli na kukivua kiti cha choo shingoni.

"Nimewaletea mali yenu," alisema. "Nimeamkiwa na watu wengi njiani leo, ila sikuweza kuitikia kwa raha."

"Shikamoo, mzee," Chapuchapu alisema kwa sauti ndogo. "Nisamehe. Mimi ndiye niliyepakia."

"Marahaba. Nimeshajua ni wewe, kwa sababu mama yako anaonekana kama mtu aliyepigwa na habari hii sasa hivi."

Mama alikuwa bado ameishika ngazi. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Chapuchapu kuliko kelele. "Tangi liko wapi?" aliuliza.

Jibu lilikuwa linapanda mlima lenyewe. Kinyozi, na aproni yake, alikuwa anaviringisha tangi kwa mbele, akisaidiwa na mteja wake, mwanamume mnene aliyenyolewa upande mmoja tu wa kichwa.

"Limeingia bila kubisha hodi," kinyozi alieleza huku akihema. "Nikaliambia lipange foleni."

"Mimi nina harusi ya mdogo wangu saa sita," alisema mteja, akishika ule upande wenye nywele. "Naomba tusipige hadithi ndefu."

Chapuchapu alimwomba radhi na yeye. Kisha Mama akamtuma akausake mfuko wa viungo. Aliupata pale pale kwenye tuta la pili, mwenye duka ameulinda. Viungo vyote vilikuwemo, isipokuwa boya. Alilitafuta mtaroni, akalitafuta chini ya meza ya duka. Mwishoni alisikia kelele uwanjani, akageuka, akaona watoto kumi wanalipiga mateke.

"Hilo ni boya la tangi," aliwaambia akihema. "La zahanati. Hawana maji tangu juzi."

Golikipa alilichukua boya, akalikumbatia. "Lilidondoka kwenye gari. Mtu asiyefunga vizuri mzigo wake, hajaupenda."

"Ni kweli," alisema Chapuchapu. "Sikufunga, halafu nikamdanganya mama yangu kwamba nimefunga."

Watoto walitazamana. Hawakuwa wamezoea kumsikia mtu mkubwa kwao akikiri kitu upesi hivyo. Golikipa akamkabidhi boya. Ila mshambuliaji mmoja alimfuata hadi barabarani.

"Dada, lile goli langu la pili linahesabiwa?"

"Linahesabiwa," Chapuchapu alimhakikishia.

Aliporudi, hakukuwa na kitu kilichopakiwa. Mama alikuwa ameketi kwenye jiwe, muuza mayai kando yake.

"Pakia," alisema Mama. "Peke yako. Nimeshampigia nesi, nimemwambia tutachelewa na kwamba sababu utamweleza wewe."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Chapuchapu alipanda nyuma ya gari. Alianza kulivuta tangi, muuza mayai akakohoa kidogo.

"Mjukuu wangu, njoo uone." Alimwonyesha baiskeli. Trei nane zilikuwa zimepangana, zimebanwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tairi la ndani. "Haya ni mayai mia mbili na arobaini. Nimepita matuta yote mliyopita ninyi, na leo nimekwepa tangi. Tafuta lililovunjika."

Chapuchapu alitafuta. Hakuliona.

"Kitu kikipata nafasi ya kucheza, kitacheza," mzee alisema. "Usikipe nafasi. Kamba ianzie kwenye chuma cha gari, iishie kwenye chuma cha gari. Ukiichomeka kwenye turubai umeifunga kwenye nguo."

Akapakia upya. Sanduku zito la spana za Mama akalisukuma hadi likagusa ukuta wa nyuma ya dereva. Tangi lilifuata, limebanwa kwa magunia matupu. Vidogo akavifungia kwenye ndoo. Ngazi akaifunga sehemu mbili, kila fundo akalivuta kwa uzito wa mwili wake wote, mguu mmoja ukiwa umekanyaga bodi ya gari, hadi mzee akasema inatosha, asije akaikunja pikapu. Ncha ya ngazi iliyochomoza akaifunga kitambaa chekundu, ili walio nyuma waione.

Mama aliendesha hatua mia moja, akasimama. "Shuka ukakague tena. Kamba hujilegeza gari likishatikisika." Kweli, moja ilikuwa imelegea kidogo. Chapuchapu akaikaza.

Zahanatini, nesi alikuwa amesimama mlangoni na ndoo mbili. Chapuchapu alimweleza yote, hata habari ya kuwapungia watu mkono. Nesi alijitahidi kukasirika, lakini hadithi ilipofika kwa mteja aliyenyolewa nusu, ilimbidi ageukie ukutani. Saa nane mchana maji yalitoka bombani, kwanza ya kahawia, halafu meupe. Mama mmoja aliyejifungua usiku uliopita alikuja na beseni kumwogesha mwanawe.

Mama na Chapuchapu waliketi chini ya dirisha, wamechoka.

"Sitakuambia kwamba haraka haina baraka," Mama alianza. "Hiyo umeisikia tangu chekechea, na ungekuwa wa kuisikia ungeshaisikia. Nitakuambia jingine. Kamba iliyolegea si tatizo kubwa. Nikiiona nitaikaza. Ungeniambia 'bado', ningengoja, tungechelewa dakika tano. Lakini uliniambia 'nimefunga', nami nikaacha kuangalia. Neno lako ndilo lililokuwa kamba yangu, na yule mzee alikuwa nyuma yake. Kazi isiyokwisha si aibu, mwanangu. Iseme haijaisha, watu wataisubiri."

"Nimeelewa, Mama," alisema Chapuchapu, na safari hii alifikiri kwanza kabla ya kusema.

Jioni walipakia lile tangi lililopasuka. Chapuchapu alichukua robo saa nzima. Mama alikaa kwenye usukani akasubiri, wala hakupiga honi.