Ndani ya Buti

Rafiki yangu Swadiki alinunua gari la mwaka sabini na moja kutoka kwa mjane wa mwanajeshi kule Midia. Fundi wake mjini Koboko, Mogga, akamshauri, "Hii tukate nyuma, iwe pikapu." Swadiki alitaka libaki lilivyo. Akaingia kwenye buti kukagua bati, mfuniko ukajifunga.

Giza likamziba macho. Akagonga kwa ngumi. Nyuma ya kisogo chake kitu kikagonga vilevile, polepole.

Mogga alipofungua, hamkuwa na mwingine ndani, na buti ilikuwa kavu.

"Kata," Swadiki alinong'ona. "Kata yote leo."

Mogga alikuwa anatazama mgongo wa shati la Swadiki, palipokuwa na alama ya kiganja kilicholowa, vidole vyote vimetanuka.