Mwangwi Ndani ya Tangi

"Ile lori isivuke Ruzizi!"

Sauti ya Cyprien, mkubwa wake, ilikwaruza ndani ya redio ya Motorola. Eulalie Bulonza, mpelelezi wa siri, alikanyaga breki. Land Rover ikaziba njia ya daraja la mto huo, mpakani.

Lori la tangi likasimama, pua kwa pua.

Ulikuwa mwezi wa pili tangu nchi iitwe Zaïre. Dhahabu ya mgodi wa Luhwindja ilikuwa imetoweka, na aliyesingiziwa wizi ni Placide, kaka yake Eulalie. Saa nane mchana mahakama ya kijeshi ingemhukumu. Sasa ilikuwa saa saba na nusu.

Injinia Hartwig wa mgodi huo alishuka kwenye lori akitabasamu. Mtu mzima hana haya!

"Madame, humu iko gesi ya limonade tu, ile ya mapovu. Ukifungua, itaziba watu pumzi."

"Sitafungua, papa. Nitaisikiliza."

Alibana kipaza-sauti kwenye tundu la kupimia, mbele ya tangi, akawasha Tektronix, mashine yenye kioo kinachochora sauti. Tangi lilikuwa na urefu wa mita sita. Kwenda na kurudi, kumi na mbili. Katika gesi nzito kama hiyo sauti hujikokota, mita mia mbili sitini kwa sekunde. Mwangwi ulipaswa kurudi baada ya milisekunde arobaini na sita.

Akagonga nyundo. Ngo!

Ishirini na tisa tu: sauti iligonga kitu mita mbili kabla ya mwisho wa tangi.

Njia ya mwongo fupi, wahenga hawakukosea.

Hartwig akacheka. "Jua inawaka, gesi imepata moto, sauti inakimbia! Thermomètre yako iko wapi?"

Hakuwa na kipimajoto. Eulalie akasogeza kiganja karibu na chuma bila kukigusa, akahesabu polepole, kama Maman Séraphine, mama yake, anavyopima tanuru la mikate. Alifika ishirini na mkono ukavumilia.

"Haifike degré hamsini," alisema. "Na hata ifike, inapunguza milisekunde ine tu. Kwako imepungua kumi na saba."

"Ile ni kukadiria tu!"

"Ndiyo. Kukadiria kwangu kunaweza kukosa shubiri. Hakuwezi kukosa mita mbili."

Uso wa Hartwig ukasawajika. Mkono wake ukaruka kwenye Browning.

Nyundo ilifika kwanza. Bastola ikaanguka, naye akapiga magoti akishika kidole.

"Fungueni nyuma," Eulalie aliwaamuru askari wa daraja. "Nyuma ya ukuta wa uongo hakuna gesi."

Mfuniko ukang'oka. Mifuko ikamwagika, mizito, ikiwa na muhuri wa mgodi.

Eulalie alishika redio. 

"Cyprien. Dhahabu iko hapa. Placide?"

Cyprien akajibu kutoka mahakamani: "Hakimu amesikia. Wanamufungua pingu."

"Mwambie asiningoje. Aende kwa maman mbio, maman hajala tangu juzi."

Alifuta jasho, akawaachia askari Hartwig, akachukua nyundo yake, akapanda Land Rover na kuliacha daraja nyuma yake bila kugeuka.