Daftari la Nani Alicheza Nini

Kila asubuhi saa moja na nusu, mwalimu wa chekechea alifungua makabati yote ya darasa lake na kuyaacha wazi. Upande wa dirisha kulikuwa na matofali ya mbao. Karibu na mlango kulikuwa na beseni la maji, vikombe na mirija. Nyuma ya pazia kuukuu kulikuwa na kona ya zahanati: kitanda cha maboksi, wanasesere wawili, na kamba yenye kifuniko cha chupa ya kupimia mapigo ya moyo. Watoto kumi na wanane waliingia, wakavua viatu, na kila mmoja akaenda alikotaka.

Mwalimu hakuwaambia wacheze nini. Aliwatazama na kuandika.

"Lakini Mama, wanacheza tu," alisema binti yake siku ya kwanza ya likizo yake ya shule.

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na miwili. Mwandiko wake ulikuwa mzuri hata nyumbani wakamwita Karani. Mwalimu msaidizi alikuwa amekwenda kujifungua na hajapatikana wa kushika nafasi yake, kwa hiyo mama alimletea bintiye kalamu na daftari.

"Hawachezi tu," mama alimjibu. "Yule anayemimina maji anajifunza vipimo. Yule ambaye mnara wake umeanguka mara saba anajifunza kwamba chini lazima pawe papana. Nikijua leo anatafuta nini, kesho najua nimwekee nini. Kila robo saa andika nani yuko wapi, anafanya nini, anasema nini. Usiandike unachodhani. Andika unachokiona."

Mpishi, aliyekuwa akipita na ndoo, alicheka. "Mwalimu, kazi yako nzuri. Unatazama na wanajifunza. Mimi nikitazama sufuria bila kukoroga, mtakula nini?"

"Tutakula maneno yako," mwalimu alimjibu. "Hayaishi."

Siku mbili za mwanzo Karani alitazama kweli, akaandika kweli. Siku ya tatu akaanza kuchoka. Mtoto waliyemwita Fundi alishinda kwenye matofali. Tonge, mdogo kuliko wote, mnene wa mashavu, hakubanduka kwenye beseni. Msichana wa miaka mitano waliyemwita Bibi Mdogo, kwa sababu aliongea kama bibi yake aliyemlea, alikuwa daktari tangu asubuhi mpaka anachukuliwa. Kama leo ni kama jana, Karani aliwaza, ya nini kukodoa macho?

Siku ya nne akaandika ukurasa mzima kabla mtoto hata mmoja hajafika. Mama aliusoma mchana akamsifu kwa mistari iliyonyooka. Sifa zile zilimchoma kidogo, kisha zikapoa. Siku ya tano akafanya vilevile, safari hii akiwa na kitabu cha hadithi chini ya daftari.

Siku hiyo mama alikuwa uani na watoto wanane waliotaka kuchimba mchanga. Kumi walibaki ndani na Karani. Saa tatu hivi, hadithi ilikuwa imefika patamu aliposikia sauti nyuma ya pazia.

"Dada, njoo umeze dawa."

"Nipo kazini, daktari," Karani alijibu bila kuinua kichwa.

"Haya. Mgonjwa anayefuata."

Saa nne mpishi alileta maziwa. Watoto walikaa mkekani, kila mmoja na kikombe chake. Tonge hakuja. Mpishi alimkuta amelala kwenye kitanda cha maboksi, akadhani amechoka. Alipomgusa shingoni, mkono ukarudi umelowa.

"Mwalimu," aliita, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe. "Njoo upesi."

Mwalimu aliingia na mchanga miguuni. Tonge alikuwa amelegea kama nguo iliyotoka kufuliwa. Jasho lilimtiririka, lakini ngozi ilikuwa baridi. Alifungua macho, akamtazama mwalimu wake wa kila siku, na asimtambue. Akayafumba tena.

Karani alisimama. Kitabu kilianguka, hakuna aliyekiangalia.

"Daftari," mama alisema, mkono umenyooka.

Karani alimpa. Alimwona mama akipitisha kidole kwenye mistari iliyonyooka, harakaharaka, kama mtu anayetafuta kisu gizani. Saa tatu kamili, Tonge yuko kwenye beseni. Saa tatu na robo, Tonge yuko kwenye beseni. Saa tatu na nusu, Tonge anamimina maji na kucheka.

"Alikuwa kwenye beseni muda wote," mama alimwambia mpishi. "Jana tuliliosha kwa sabuni. Labda hatukulisuuza vizuri, akanywa." Tayari alikuwa anampigia simu nesi wa zahanati ya karibu. Alieleza kwa kifupi, sabuni na usingizi tu, na kwa kuwa simu ilikuwa kwenye sauti ya wazi, wote walimsikia nesi akijibu kwa utulivu.

"Kama ni maji ya sabuni tu, Mwalimu, usiwe na hofu. Mpanguse mdomo, mlaze ubavu, mwangalie kwa saa moja. Nikimaliza foleni hapa nitapita."

Saa moja. Karani alimtazama Tonge. Midomo yake ilikuwa imekosa rangi. Akisema, mama atajua kila kitu. Asiposema, watakaa hapa saa nzima wakimtazama mtoto kwa sababu ya mistari aliyoitunga yeye kabla ya saa moja na nusu.

"Mama, hiyo si kweli."

"Nini si kweli?"

"Beseni. Sikumwona kwenye beseni. Sikumwona popote. Niliandika asubuhi, hawajafika."

Mwalimu hakufoka. Alimtazama bintiye kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta ndani ni nyumba ya mtu mwingine. Kisha akairudia simu.

"Nesi, futa niliyokwambia. Hatujui amekula nini. Nampeleka hospitali sasa hivi."

Mpishi alishakimbilia ng'ambo ya barabara, kwa muuza vipuri mwenye gari. Zilibaki dakika mbili tatu. Mwalimu aliwageukia watoto waliokaa na vikombe vyao.

"Nani amempa Tonge kitu cha kula?"

Watoto walimtazama uso, na kila mmoja akaona uso huo hauchezi. Bibi Mdogo alishusha macho.

"Nimeuliza, nani?"

"Si mimi," alisema Fundi.

"Si mimi," walisema wengine, mmoja baada ya mwingine, kama mwangwi.

Mwalimu alivuta pumzi. Kisha akafanya jambo lililomshangaza Karani. Alikaa chini, palepale kando ya kitanda cha maboksi, akajishika tumbo.

"Daktari," alisema kwa sauti ya kinyonge, "naumwa. Unaweza kunitibu?"

Bibi Mdogo aliinua kichwa. Alimtazama kwa kumpima, kama daktari anayejua wagonjwa wengine wanadanganya. Akaweka kikombe chini, akavaa kamba yake shingoni, akaja.

"Pole, mama. Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Hulali?"

"Silali kabisa, daktari."

"Nyie watu hamsikii mpaka mzidiwe," Bibi Mdogo alisema, akamwekea kifuniko cha chupa kifuani. Kisha akaingiza mkono chini ya mto wa mwanasesere, akatoa kitu, akakiweka kwenye kiganja cha mwalimu. "Meza pipi ya bibi. Usitafune."

Kwenye kiganja kulikuwa na kidonge cheupe, cha kweli.

Mwalimu hakubadilika uso. Alikifumba kidonge kiganjani.

"Asante, daktari. Dawa zako nzuri. Leo umetibu wangapi?"

"Wengi. Tonge alikuwa hoi, nikampa mbili, akameza na maji. Fundi nikampa moja, akatema. Yeye ni mgonjwa mkorofi."

"Chungu," alisema Fundi.

"Huyu mtoto," Bibi Mdogo alimwonyesha mwanasesere, "nikampa tatu, hataki kufungua mdomo."

"Na wewe, daktari?"

"Mimi ni daktari. Daktari hamezi." Akamnyooshea Karani kidole. "Dada naye nilimwita. Alisema yupo kazini."

Mwalimu aliinua mto. Vidonge vitatu vilikuwa kwenye kikombe cha mwanasesere. Kimoja kilichotemwa kilikuwa kimeganda mkekani. Kando yake kulikuwa na pakiti ya vidonge, jina la dawa limeandikwa nyuma. Vidonge vya kisukari.

Honi ililia nje. Mwalimu alimbeba Tonge, akatia pakiti mfukoni, akawaachia mpishi na mke wa muuza vipuri, aliyekuja na gari, watoto wengine.

"Wewe unakuja," alimwambia Karani. "Mshike Fundi. Naye lazima apimwe."

Hospitalini tabibu aliuliza mambo matatu tu: dawa gani, ngapi, saa ngapi. Mwalimu alimpa pakiti na kumjibu: vidonge viwili, kati ya saa tatu, Karani alipoitwa akameze dawa, na saa nne. Tabibu alitoboa kidole cha Tonge, akasoma kipimo, na hapohapo akaita dripu ya sukari. Hakuuliza la nne.

Karani alikaa kwenye benchi la korido na Fundi mapajani. Fundi alipimwa, hana tatizo, akaanza kuhesabu vigae vya sakafu. Karani hakuweza kuhesabu chochote. Baada ya muda mrefu tabibu alitoka.

"Amefungua macho, anamtaka mama yake," alisema. "Dawa hii inamshushia sukari mtu mzima mwenye ugonjwa. Kwa mtoto wa miaka mitatu inaishusha mpaka ubongo unakosa chakula. Atalala hapa tumwangalie. Mngekaa naye hiyo saa moja mkisubiri, ningekuwa na maneno mengine ya kuwaambia."

Bibi yake Bibi Mdogo alifika akihema, kanga imemdondoka begani. Alipoiona pakiti yake, alikaa chini kama aliyesukumwa.

"Ni mimi," alisema. "Kila nikimeza ananisumbua, bibi unakula nini, bibi nipe. Nikamwambia ni pipi za bibi, ziko mkobani, usiguse. Nilitaka aninyamazie tu."

"Mama, dawa si pipi, hata kwa mzaha," mwalimu alimwambia kwa upole lakini bila kuzunguka. "Na haikai mkobani. Inakaa juu, kabatini, na ufunguo unao wewe."

Mama yake Tonge naye alikuja mbio kutoka kwenye cherehani yake, sindano bado zimechomekwa kifuani mwa blauzi. Aliingia kumwona mwanawe, akatoka macho mekundu. Mwalimu alimgusa bintiye bega. "Mwambie."

"Mama, shikamoo," Karani alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nawaangalia. Sikuangalia. Nilisoma kitabu, na daftari nililijaza uongo. Naomba unisamehe."

Mshonaji alichomoa sindano moja kifuani, akaichomeka tena palepale.

"Leo siwezi kukuambia nimekusamehe," alisema. "Lakini umeniambia wewe mwenyewe, sikusikia kwa watu. Hilo nimelishika." Akarudi ndani.

Mama na binti walirudi kwa miguu, wakiwa wamemkabidhi Fundi kwao. Walikata kona mbili. Karani alishindwa kuvumilia.

"Mama, hutaniadhibu?"

"Nitakuadhibu. Lakini kwanza sikia, kosa la kwanza ni langu. Watoto kumi si mzigo wa mtu wa miaka kumi na miwili. Nilikupa kazi ya mtu mzima kwa sababu nilikuwa na shida, na wazazi wote watalisikia hilo kutoka kinywani mwangu. Kesho naanza kutafuta msaidizi, na mpaka apatikane sitapokea watoto zaidi ya wale ninaowaona kwa macho yangu. La uongo ni lako. Hilo sigawani nawe."

"Nilidhani hakuna atakayeumia. Ni karatasi tu."

"Mtoto wa miaka mitatu hana maneno ya kukwambia nimepewa kitu kibaya. Mdomo wake ni mchezo. Bibi Mdogo alikwita akakwambia njoo umeze dawa, maana yake alikupa taarifa nzima, na bado ulikuwa na muda. Ukaacha kumsikiliza, halafu ukaandika maneno yako mahali pa maneno yao. Mimi nikayaamini, kwa sababu wewe ni mwanangu."

Karani alilia kimyakimya. Mama alimwacha alie. Walipofika getini alisimama, akamgeukia.

"Ukurasa mtupu ungenitosha, Karani. Ungeniambia, Mama, leo sikutazama. Ningekufokea mpaka mpishi atoke jikoni kusikiliza. Lakini kufokewa hakujawahi kumlaza mtoto hospitali."