Hatua Tatu za Iti

Ufito wa henzirani ulianguka kutoka juu ya gari la mungu ukagonga kofia ngumu ya mhandisi. Watu waliojazana mtaa wa Pulchowk kutazama gari likijengwa walicheka. Lasata Byanjankar, mwenye jinzi yenye vumbi la saruji na skafu nyekundu shingoni, aliinua uso kumtafuta mkosaji.

"Wewe uliye huko juu, hiyo ni salamu au ni vita?"

"Ni salamu, dada. Kwetu unatangulia ufito, maneno yanafuata."

Akashuka kwa kamba bila haraka. Bijen Yangwal alikuwa na mabega mapana, kofia nyeusi iliyokaa upande na kovu refu mkono wa kushoto. Ukoo wao ndio hufunga mnara wa gari la mbao la mungu Bungadya kila mwaka, mrefu kama ghorofa sita, kwa kamba na henzirani tu. Kovu lilitokana na nyaya za umeme. Gari likivutwa kupita mitaani, vijana hupanda mnarani na mianzi kuzisukuma nyaya kando. Mwaka mmoja kuna mtu alisahau kuzima umeme.

Lasata alimweleza kazi yake: kuzika nyaya zote za mtaa wa Iti kabla gari halijafika huko.

"Kwa hiyo unaniachisha kazi," Bijen alisema.

"Nakuachisha kufa. Kazi utafute nyingine."

Jibu hilo lilimkaa moyoni. Kesho yake alimpigia simu mchana, akimuuliza yuko wapi.

"Mtaroni. Na wewe?"

"Mawinguni. Njoo tukutane katikati, kwenye chapati za dengu."

Walikula chapati za dengu wiki tano mfululizo. Bijen alimwita Malkia wa Mashimo, naye akamwita Kunguru. Iti nzima ilijua, kwa sababu Iti hakuna siri inayomaliza siku mbili.

Iti ilikuwa na sababu ya kuwaombea mema. Kila mwaka umeme ulizimwa tangu asubuhi gari lilipopita, kisha nyaya zilizokatika ziliuacha mtaa gizani siku tatu, nne. Tirthamaya, mama yake Lasata, alikuwa na mashine ya kusaga, na siku hizo aliwatazama wateja wakirudi na magunia yao. Sasa nguzo zilikuwa zimeng'olewa na mtaro umefunikwa kwa matofali. Bosi wa Lasata alikuwa amemwambia wazi: gari likipita salama juu ya nyaya hizo, mitaa yote ya njia ya gari itachimbwa. Gurudumu likizama, nguzo zitarudi, na hakuna atakayethubutu kuuliza tena. Gari la Bungadya likianguka ni mkosi wa nchi nzima. Hata wanaojifanya hawaamini, siku hiyo hawapiti chini yake.

Siku nne kabla ya gari kufika Iti, barua ya kamati ya gari ilifika ofisini. Ilisema Iti haifai kupitisha gari, na chini ilikuwa na sahihi ya Bijen.

Lasata aliisoma mara mbili. Alikuwa amepima mtaro wote kwa nondo, hatua kwa hatua, magoti yakichubuka. Simu ya Bijen ilipolia akaikata. Ikalia mara saba, akaikata mara saba. Ya nane akapokea.

"Ulikula chakula changu, ukanisikiliza, kisha ukaenda kunisemea kwa wazee," alisema. "Kunguru ni jina zuri mno kwako." Akazima.

Nyumbani alimkuta mama yake akipepeta mahindi mlangoni pa mashine. Alimmwagia yote. Tirthamaya hakuacha kupepeta.

"Ulipima mpaka wapi?"

"Kote, mama."

"Mwongo. Nilikuona dirishani. Ulipofika kwenye jiwe la njia panda ulizunguka."

 Jiwe lile ndipo mtaa hutupa nguo za marehemu na vitovu vya watoto. Hakuna mtoto wa Iti anayelikanyaga. Hafundishwi kwa maneno, huvutwa sikio mara moja, na miguu yake inakumbuka maisha yote. Miguu ya Lasata ilikuwa imezunguka bila kumuuliza.

"Na vibarua wako ni watoto wa hapa hapa," mama aliendelea. "Nani angeshindilia udongo pale? Wamemwaga kifusi, wakapanga matofali juu, wakaenda kunywa chai. Mtu huzunguka. Gurudumu halizunguki, mwanangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani chuo kilikufundisha kutembea. Nenda kapime."

Alienda. Nondo ilizama pale kama kwenye uji. Hatua tatu, si zaidi. Aliketi barabarani, akampigia Bijen.

"Uliandika nini hasa kwenye ile barua?"

"Niliandika hatua tatu kando ya jiwe hazijashindiliwa. Wazee wakaandika Iti. Nilikupigia mara saba nikueleze hilo."

"Wewe ulijuaje?"

"Nilipita nikajikuta nimezunguka, maana hata kwetu jiwe kama lile halikanyagwi. Nikajiuliza nani mwingine amezunguka."

Lasata aliomba radhi kwa maneno mafupi. Bijen alisema radhi ataipokea kwa kazi, si kwa simu.

Asubuhi Tirthamaya aliweka yai, wali na unga mwekundu juu ya jiwe, akamwomba mwenye mahali asikasirike. Vibarua walisimama mbali, mikono nyuma. Basi Lasata akavua viatu, akang'oa matofali, akashika nyundo ya kushindilia akaanza mwenyewe. Alipopiga mara ya kumi, Bijen alifika na wajomba zake wakibingirisha gurudumu la zamani la gari, refu kuliko mtu. Akashika nyundo ya pili. Vibarua wakaona aibu, wakaja. Adhuhuri walilipakia gurudumu mawe, wakalipitisha mara ishirini. Halikuacha hata alama. Kamati ikafuta barua yake.

Kutoka Iti, gari huvutwa na wanawake peke yao. Jioni gari lilipofika, walijaa njia nzima kwa sari nyeusi zenye pindo jekundu. Lasata alivaa ya mama yake, iliyofungwa juu ya vifundo, na yeye na mama walishika kamba moja. Zile tani za mbao zilinguruma. Gurudumu lilifika kwenye jiwe, na mtaa mzima ukaacha kupumua.

Likapita.

Juu ya mnara Bijen alikuwa mikono mitupu, bila mwanzi, mbingu wazi pande zote. Chini yake taa za Iti ziliwaka dirisha hadi dirisha. Kwa mara ya kwanza mungu alipita mtaa huo penye mwanga, na ndani mashine ya Tirthamaya ilikuwa ikisaga. Aliiacha ikinguruma makusudi, ili mungu apite akiisikia.

Simu ya Lasata ililia kiunoni. Aliiwasha spika ili asikie katika kelele zile.

"Malkia, naona nyumba yenu kutoka hapa. Kwetu bibi harusi akiondoka humpa kila mtu wa nyumbani kwao popoo kumi za kuaga, na bwana harusi ndiye hununua. Mko wangapi?"

 Tirthamaya alimnyang'anya binti yake simu, kamba ikiwa bado mkono wa pili.

"Tuko sita," alisema. "Anza kununua. Na shuka upesi, mwanangu, mkwe wangu haruhusiwi kuanguka."