Jirani wa Namba

Siku ya kujiandikisha kurudia mtihani, uwanja wa ofisi ya mitihani hujaa vijana wenye makelele, na mtu mzima akiingia humo hutafuta pa kuficha uso. Dada mmoja aliingia asubuhi hiyo na gauni lake la kazi, la kijani, na raba nyeupe zilizokuwa bado zinanuka dawa ya kudekia. Alikuwa mhudumu wa wodi hospitalini, yule anayebadilisha mashuka, anayelisha na kuogesha, na ambaye wagonjwa humwita nesi kwa sababu ndiye wanayemwona zaidi. Kila akiitwa hivyo alijibu, "Mimi bado," na hiyo bado ilikuwa imemkaa kooni kwa miaka. Chuo cha uuguzi kilikuwa tayari kumpokea kwa masomo yote isipokuwa Kiingereza. Chuo kilitaka C, naye alikuwa na D. Wenzake kazini walimwita Sista kwa utani, na jina likamganda.

Alijipanga mwisho wa foleni. Haukupita muda akasikia sauti nzito nyuma yake.

"Samahani, dada. Mwisho wa foleni ni hapa?"

Akageuka. Alikuwa mwanamume mrefu, ovaroli yake ya buluu imefuliwa mpaka ikapauka, mikono imesuguliwa kwa sabuni lakini grisi imegoma kutoka kwenye kucha.

"Ni hapa. Ila kama umekuja kumwandikisha mtoto, wazazi wanapitia mlango ule."

Yule bwana akautazama mlango, akamtazama yeye, akanyamaza kidogo kama mtu aliyeacha jibu lake mbali na sasa lazima alifuate kwa miguu. "Kwani wewe umemleta mtoto?"

"Nimejileta mwenyewe."

"Basi na mimi nimejileta mwenyewe."

Wakacheka, na ile aibu ya kusimama na watoto ikawapungua wote wawili. Foleni ilivyosogea yule dada alimdodosa mpaka akamjua: ni fundi wa lifti, na kampuni yake ilikuwa inatafuta mtu wa kumpeleka kusomea mashine mpya. Mafunzo yote yalikuwa kwa Kiingereza. Asiyekuwa na C angebaki kupaka nyaya mafuta mpaka azeeke.

Dirishani karani aliwapa namba mbili zinazofuatana, akawaeleza kwamba mtihani wa mazungumzo hufanywa wawili wawili kwa kufuata namba. Wao wangekaa meza moja mbele ya watahini, waoneshwe picha, waizungumzie. Akawaambia wakafahamiane.

"Tushafahamiana," Sista akasema. Fundi alikunja karatasi yake taratibu, akaitia mfukoni, na tabasamu lilimtoka akiwa ameinama.

Tangu siku hiyo ikawa ni Sista na Fundi. Jioni baada ya kazi walikutana kwenye mgahawa mdogo nyuma ya hospitali, meza ya pembeni, chai mbili na kitabu kimoja. Siku ambazo zamu ziligongana walipigiana simu, na sharti lilikuwa moja: baada ya salamu, Kiingereza kitupu. Sista alikimimina bila kuvuta pumzi. Fundi angetoa sentensi moja, kisha kimya, na katika kile kimya Sista alisikia mashine ya lifti ikiunguruma juu ya paa la jengo alimokuwa akifanya kazi.

"Fundi, maneno yako yamekwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu," Sista alimtania.

"Yanapanda. Wewe yako hayasimami hata abiria washuke."

Mapenzi hayakutangazwa. Yaliingia kama watu wanaoishi nyumba moja wanavyozoeana kwa hatua za miguu. Fundi alianza kuja mgahawani na shati jeupe lililopigwa pasi, badala ya ovaroli. Sista naye akaanza kubadilisha gauni la kazi kabla hajatoka wodini, akavaa lile la zambarau ambalo shangazi yake, aliyekuwa akiishi naye, alisema linamtoa kama bibi harusi aliyesahau siku yake. Jioni moja Fundi alimwita "mpenzi" katikati ya sentensi ya Kiingereza, na wote wawili wakajifanya hawakusikia.

Ni Fundi tu ambaye Sista alipata kumweleza habari za mama yake. Mwaka aliofanya mtihani wa kwanza, mama alikuwa amelazwa. Alitoka kwenye chumba cha mtihani akaenda moja kwa moja wodini, akakaa kando ya kitanda, na kwa woga wa kile alichokuwa akikiona, akaongea. Aliongea habari za shule, za majirani, za paa linalovuja. Mama aliinua mkono mara kadhaa kama anayetaka kusema neno, naye akamwambia, "Usijichoshe, mama, pumzika," akaendelea kuongea. Alfajiri yake mama hakuamka.

"Mpaka leo sijui alitaka kusema nini," Sista alisema.

Fundi hakumpa pole. Alisogeza kiti, akamshika mkono juu ya kitabu, na chai zikapoa.

Siku ya mtihani wa mazungumzo ilifika. Chumba kilikuwa na meza moja, watahini wawili, na picha ya uwanja mtupu katikati ya mji: je, mji ujenge pale zahanati au bustani? Sista alikuwa na mengi ya kusema juu ya zahanati. Fundi alitoa sentensi mbili nzuri, walizozifanyia mazoezi, kisha akafunga mdomo. Sista akamwuliza swali. Fundi akaitikia kwa kichwa, akajibu kwa Kiingereza, "Ni kweli, umesema sawa," akakunja mikono juu ya magoti. Kimya kikaingia chumbani. Sista alikiona kile kimya kama maji yanayopanda, akakijaza kwa kila neno alilokuwa nalo, akijiuliza na kujijibu mwenyewe, mpaka mtahini akasema muda umekwisha.

Nje alimwuliza amepatwa na nini. Fundi akasema, "Ulizungumza vizuri sana," na uso wake ulikuwa umeridhika. Sista alidhani ni woga, akamhurumia, akaacha kuuliza.

Matokeo yalipotoka, alama za Sista za kuandika zilikuwa zimepanda. Mazungumzo yalikuwa yameanguka. Daraja lilibaki D. Karani wa ofisi, mama mpole, alimfafanulia: katika mazungumzo watahini hawapimi nani anajua maneno mengi, wanapima watu wawili wanavyosikilizana, na yeye hakumwachia mwenzake nafasi. Fundi naye alikuwa na D.

Sista alimpigia simu akiwa amesimama pale pale kwenye ngazi za ofisi.

"Kwa nini ulininyamazia?"

Mashine ya lifti ikaunguruma upande wa pili.

"Nakuuliza wewe. Mwaka wangu mzima umekwenda. Ulikuwa unaniona mpiga kelele, ukaamua kuniacha nijiaibishe?"

"Sista..."

"Sista nini? Ungesema hata mambo ya kijinga. Niliachwa peke yangu mezani na mtu niliyemwamini. Haya, sema sasa." Akangoja kidogo tu, kama dereva anavyongoja taa iliyokwisha kuwaka kijani. "Umeona? Hata sasa umenyamaza."

Akakata. Fundi alipiga tena, naye hakupokea. Alituma ujumbe kwamba angependa waonane ana kwa ana, naye akaufuta. Mtu mwenye hasira huona kila mlango unaofunguliwa ni mtego, na Sista alikuwa na hasira kuliko alivyojua.

Shangazi alimwona akirudi mapema kila jioni na lile gauni la zambarau likining'inia kabatini. Siku moja akiwa anapepeta mchele alimwuliza yule kijana wa ngazi za umeme yuko wapi.

"Lifti, shangazi. Hajui kuongea."

"Hajui, au hajapewa zamu?" Shangazi akapuliza makapi. "Mwanangu, hata mimi nikitaka kukuambia chumvi imekwisha, hungoja ulale."

Aliudhika, lakini maneno hayo alikwenda nayo kazini. Wodini kulikuwa na bibi mmoja wa kitanda cha dirishani, ambaye kiharusi kilimwachia ulimi mzito. Kila asubuhi bibi huyo aliinua kidole, na kila asubuhi Sista alimwahi: "Maji, bibi? Haya, maji haya hapa." Bibi alikunywa, akafumba macho. Asubuhi hiyo kidole kilipoinuka, Sista aliishika ile bilauri bila kuitoa. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akangoja. Midomo ya bibi ilihangaika. Mhudumu mwenzake alimwita kutoka mlangoni, naye hakugeuka. Mwishowe neno likatoka, moja, limepinda lakini zima: "Mto."

Mto ulikuwa umemlalia vibaya shingoni. Siku zote hizo alikuwa akinyweshwa maji na shingo inamuuma. Sista aliugeuza mto, akamlaza sawa, kisha akaenda kwenye chumba cha mashuka, akafunga mlango, akamlilia mama yake kama vile amefiwa jana. Katikati ya kile kilio akamkumbuka na Fundi. Alitaka kumpigia, akaona haya. Angeanza vipi?

Msimu wa kujiandikisha ulirudi. Alichelewa kutoka zamu ya usiku, na alipofika jua lilikuwa limeshapanda na foleni imezunguka jengo. Mlinzi wa getini, mzee mwenye kofia kubwa kuliko kichwa, alimtazama gauni lake la kijani, akatikisa kichwa.

"Wewe ndiye wa hospitali?"

"Ndimi. Kuna nini, mzee?"

"Basi nenda ukamwokoe mwenzio. Amefika hapa ofisi haijafunguliwa, alikuwa wa kwanza. Kila anayekuja anampisha mbele. Mji mzima umempita. Nimemwuliza kulikoni, kanijibu anangoja jirani wa namba, dada wa hospitali."

Sista alifuata ukuta mpaka mwisho wa foleni. Fundi alikuwa pale, shati jeupe limelowa jasho mgongoni, akimwambia kijana aliyefika wakati huo, "Pita tu, mdogo wangu." Alipomwona Sista alisogea kando kidogo, akamwachia nafasi mbele yake.

Sista alikuwa na maneno mengi. Aliyameza yote. Alisimama mbele ya Fundi, akamtazama, akangoja. Foleni ikasogea, wao wakasogea nayo, naye bado akangoja.

"Nilidhani," Fundi akasema hatimaye, "muda ni mmoja, tunagawana. Nikaona nikila sehemu yangu, nakupunguzia. Wewe ndiye mwenye wagonjwa wanaokungoja. Lifti zangu zingesubiri. Nikasema, uuchukue wote." Akafuta jasho. "Sikumwuliza mtu. Nimeharibu, na nilikuwa najiona nimekupa zawadi."

Sista alishindwa kumtazama. Mtu huyu alikuwa amemtolea daraja lake mwenyewe, na yeye akamkatia simu.

"Nisamehe," akasema. "Ulikuwa unataka kuniambia, nami sikukupa hata pumzi."

"Nishasamehe siku nyingi. Nilikuwa sijui pa kukuambia."

Dirishani karani aliwatambua, akawapa namba zinazofuatana.

Picha ya mara hii ilikuwa ya wanawake wawili mezani, mmoja mzee, mmoja kijana. Kijana alikuwa akizungumza, na mzee alikuwa ameinua mkono. Watahini wakawataka wazungumzie wanachokiona. Sista aliitazama picha, na ule mkono ulioinuliwa. Alisema kwa Kiingereza kwamba kijana ana hofu, na ndiyo maana anaongea. Kisha akamgeukia Fundi, akamwuliza: "Na huyu mama, unafikiri anataka kusema nini?"

Kimya kikaingia, kile kile. Mtahini mmoja aliinua kalamu. Maneno yalimjaa Sista mdomoni, akashika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, akakiacha kimya kiwepo. Alimtazama Fundi tu, kama alivyomtazama bibi wa dirishani.

Fundi akasema, pole pole, Kiingereza chake kizito lakini kimenyooka: "Nadhani anataka kumwambia, endelea. Sauti yako inanipumzisha."

Machozi yalimtoka Sista mbele ya watahini, akayapangusa kwa kiganja, akasema kwamba kama ndivyo, basi yule kijana angepata kulala usingizi. Wakaendelea hivyo, huyu akisema, huyu akingoja, mpaka muda ukaisha na hakuna aliyeuona ukipita.

Matokeo yalitoka siku ya mapumziko yake. Alikuwa jikoni na shangazi simu ilipolia.

"Umeona?" Fundi akauliza.

"Nimeona. C. Na wewe?"

"Imepanda, ila haijafika. Mazungumzo mazuri, kuandika ndiko kumenivuta chini."

Moyo ulimwuma. "Imekwama ghorofa gani?"

"Ya pili." Alicheka kidogo, bila furaha. "Nafasi ya mafunzo wamempa mwingine. Nitarudia mwakani. Safari hii sitakuwa na jirani."

Sista alifungua mdomo amfariji, akaufunga. Alisikia mashine ikiunguruma, ikasimama, ikaunguruma tena. Shangazi alimwuliza kwa ishara kuna nini, naye akainua mkono kumwomba asubiri. Maji ya chai yalichemka, yakamwagika jikoni, shangazi akaenda kuyaipua.

"Mpenzi," Fundi akasema, safari hii kwa Kiswahili. "Nataka kuja kumwona shangazi yako. Nije na wazee wangu."

Machozi yalikuwa yamefika mpaka kidevuni, na hakuyafuta.

"Upo?" Fundi akauliza.

"Nipo. Nangoja umalize."

"Nimemaliza."

"Basi njooni," Sista akasema.